UZI: Amani ya ukanda wetu ina bili, na wanaoilipa hawakai meza moja

Wakala wa Vurra (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila marais wa ukanda huu wakikutana, redio zetu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zinarudia maneno yaleyale: ushirikiano wa kimataifa, jumuiya ya kimataifa, amani ya kudumu. Kazi yangu mimi ni karatasi za mizigo inayovuka kwenda Kongo, na kwenye kazi hiyo huwezi kusogeza hata gunia moja bila kuonyesha nani analipa nini. Basi nimeamua kuisoma amani yetu kwa jicho hilohilo. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nianze na Somalia, maana kule bili iliandikwa wazi. Januari 2007 Umoja wa Afrika uliamua kupeleka kikosi, Baraza la Usalama likabariki Februari, na Machi wanajeshi wa kwanza kutua Mogadishu walikuwa Waganda. Nchi nyingine zilizoahidi zikasuasua. Burundi ndiyo iliyokuja kutuunga mkono, tena mwishoni mwa mwaka.

Sasa tazameni mgawanyo. Umoja wa Ulaya ulitoa posho. Umoja wa Mataifa, kuanzia 2009, ulileta chakula, mafuta na matibabu. Marekani na Uingereza zilitoa mafunzo na vifaa. Sisi tulitoa watu. Posho ilipangwa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, serikali inakata 200, yeye anabaki na 828. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukapunguza mchango wake wa posho kwa asilimia 20. Linganisheni na askari wa kofia ya buluu wa Umoja wa Mataifa: nchi yake hurejeshewa zaidi ya dola 1,400 kwa kichwa kwa mwezi. Na Mogadishu ya 2010 haikuwa mahali pa kusimama na bendera kutazama kama watu wanaheshimu mkataba. Ilikuwa vita vya mtaa kwa mtaa, hadi wapiganaji wa Al-Shabaab walipoondoka mjini Agosti 2011.

Kuna sehemu ya bili isiyoandikwa popote. Usiku wa 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia uwanja wa Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kihabeshi pale Kabalagala, jijini Kampala, mabomu yakaua zaidi ya 70. Al-Shabaab walisema wazi ni kisasi cha jeshi letu kuwa Somalia. Kisha 26 Mei 2023, kambi ya Buulo Mareer: Rais mwenyewe alitangaza kwamba wanajeshi wetu 54 waliuawa.

Mwaka 2025 kikosi kimepewa jina la tatu, AUSSOM, baada ya AMISOM na ATMIS. Jina jipya, shida ya zamani. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2719, kwamba misheni za Umoja wa Afrika zinaweza kugharamiwa hadi asilimia 75 kwa michango ya lazima ya wanachama wote wa Umoja wa Mataifa. Tulishangilia. Ilipofika Mei 2025, wakati wa kulitumia kwa Somalia, Marekani ikakataa na fedha hazikupatikana kwa njia hiyo. Askari wako kule, azimio liko New York.

Bili ya pili ni wakimbizi, na hapa West Nile hatuhitaji kuhadithiwa. Uganda ina wakimbizi karibu milioni 1.9, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Bidi Bidi kule Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka haujageuka ilikuwa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Ardhi ile ni ya koo za watu, waliitoa. Juni 2017 ukaitishwa mkutano mkubwa Kampala kutafuta dola bilioni 2. Ahadi zilizotolewa hazikufika hata milioni 400. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula likasimamisha mgao kwa watu wapatao milioni moja kwa sababu fedha zimekauka.

Wageni wakiuliza kwa nini tunapokea watu, wazee wangu hujibu kwa tarehe. Baada ya Amin kuanguka 1979, watu wa huku walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, wakapokelewa na haohao ambao watoto wao tunawapokea leo. Tena si Waafrika tu waliowahi kukimbilia Uganda. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wapolandi wapatao 7,000 walihifadhiwa Nyabyeya, Masindi, na Koja, Mukono. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama. Ulaya ikianza kutupigia hesabu za mzigo wa wakimbizi, mtu awakumbushe Masindi.

Sasa nije Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, maana huko nimeona kitu tofauti. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana wa Kenya na Wamatheniko wa kwetu walikutana Lokiriama, wakazika silaha ardhini, wakaapizana. Hakuna mfadhili aliyelipia hoteli. Hadi leo watu hukusanyika palepale kuukumbuka mkataba ule. Halafu kuna kanuni ya Nabilatuk, ya mwaka 2013: ng'ombe mmoja akiibwa, upande wa mwizi unalipa wawili, na mmoja juu yao.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Lokiriama na Nabilatuk, anayevunja ndiye anayelipa, na analipa kwa kitu kinachomuuma. Mikataba ya marais, anayevunja anapanda ndege kwenda kwenye mkutano mwingine, na bili inaletwa Yumbe, Kabalagala na kwenye kambi ya jeshi. Mkataba ambao mvunjaji wake halipi kitu, mimi nauita barua ya salamu.

Nawasilisha. Karibuni mnirarue.

Shabiki wa Onduparaka

Nimefika Karamoja pumzi ikakata, nitarudi. Ila naomba kabla ya yote: atakayeleta ile ya tembo wakipigana nyasi huumia apigwe marufuku wiki mbili.

Mtanganyika Kyotera

Mkuu Wakala, mimi ni Mtanzania, naishi huku Kyotera kwa sababu ya biashara ya kahawa. Nikuongezee ukurasa ambao ninyi Waganda huwa mnauruka haraka.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani. Ungemlaani vipi? Miaka mitatu nyuma, Julai 1975, mkutano wake mkuu ulifanyika Kampala na yeye ndiye aliyekalia kiti cha uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana ziligoma kwenda. Vita vilipoisha, kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979, waliosemwa vibaya ni sisi, kwa kuvuka mpaka. Sudan na Nigeria zilimwandama Mwalimu Nyerere. Gharama tulibeba wenyewe, na uchumi wetu wa miaka ya 80 unajua habari hiyo.

Kwa hiyo mimi nakupinga kidogo. Unalalamika kwamba bili inagawanywa vibaya. Sisi tunajua habari ya bili ambayo haikugawanywa kabisa. Kati ya ushirikiano mbovu na kuachwa peke yako, nitachukua ule mbovu.

Na msidhani mambo yamebadilika sana. Umoja wa Afrika wa sasa una kifungu cha 4(h) kwenye hati yake ya kuundwa, kinaruhusu kuingilia kati nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la umoja huo lilitaka kupeleka askari 5,000 Burundi. Rais Nkurunziza wa Burundi akasema wakija watapigwa. Januari 2016 wakuu wa nchi wakakaa Addis Ababa, wakaona bora wapeleke ujumbe wa kuzungumza. Kifungu kipo, kimekunjwa.

Binti Bombo

Assalaam alaykum nyote.

Kaka Wakala, nimesoma kwa makini kwa sababu kaka yangu wa tumbo moja alikuwa Mogadishu. Kuna neno moja limenikaa vibaya: "sisi tulitoa watu." Unaandika kana kwamba walifungwa kamba wakapakiwa. Bombo hapa, mji wa kambi ya jeshi, watu walikuwa wanatafuta mtu wa kumjua mtu ili jina liingie kwenye orodha ya kwenda. Dola 828 unayoiita ndogo, mwenzako akirudi baada ya zamu anapaua nyumba kwa bati jipya, ananunua bodaboda mbili na kulipa ada ya watoto wa marehemu dada yake. Nyumba za namna hiyo huku ni nyingi, nakaribisha mtu aje kuziona.

Sisemi hakukuwa na maumivu. Kuna kipindi posho zilichelewa hadi mke wa kaka akaanza kukopa unga dukani. Kuna jirani yetu aliyepata habari ya mumewe kwa simu ya rafiki kabla ya mtu yeyote mwenye cheo kubisha mlango. Hayo nayajua. Lakini sisi mtaani hatukuwa tunauliza Umoja wa Ulaya umeamua nini. Tulikuwa tunauliza zamu yake inaisha lini.

Swali langu kwako na kwa wanaoshangilia misheni kufungwa: vijana elfu kadhaa wakirudi nyumbani siku moja, posho ile itazibwa na nini? Hilo nalo si suala la usalama?

Wakala wa Vurra

Wa alaykum salaam dada. Pole kwa mke wa kaka na kwa jirani.

Sikatai walitaka kwenda. Ninachosema ni kwamba bei ya utayari wao iliwekwa na watu wengine, na ilipunguzwa 2016 bila wao kuulizwa. Mtu anayejenga nyumba kwa posho anastahili kujua kama mwezi ujao ipo. Kofia ya buluu inagharamiwa na bajeti ambayo kila mwanachama anatozwa, atake asitake. Askari wa Umoja wa Afrika yeye anategemea huruma ya mfadhili, na mfadhili siku hizi ana Ukraine ya kufikiria. Ndiyo maana nililipigia kelele lile azimio la 2719.

Kuhusu swali la vijana kurudi, sina jibu la kukupa hapa, na sijawahi kumsikia mwanasiasa wetu akilijadili hadharani. Nakubali ni suala la usalama.

Mlimani Kasese

Wakuu, mmezunguka Mogadishu hadi Monrovia, mkaruka Rwenzori, huku kwetu mpakani na Kongo.

Sisi hatuzungumzi habari za redioni. Waasi wa ADF walianza kutuvamia kupitia mpaka wa Mpondwe Novemba 1996. Juni 1998 waliwachoma wanafunzi 80 wakiwa mabwenini chuo cha ufundi Kichwamba. Miaka 25 baadaye, usiku wa 16 Juni 2023, wakavuka tena kutoka Kongo, wakaingia sekondari ya Lhubiriha, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wanafunzi. Na tukio hilo lilikuja mwaka mmoja na nusu baada ya operesheni Shujaa kuanza! Mnakumbuka: 16 Novemba 2021 mabomu yakalipuka Kampala, karibu na kituo kikuu cha polisi na jirani na Bunge. Wiki mbili baadaye, 30 Novemba, jeshi letu na la Kongo wakaanza kupiga kambi za ADF kwa pamoja.

Sipingi Shujaa. Kabla yake majeshi haya mawili yalikuwa yanatazamana kwa mashaka, na sababu mnazijua. Sasa wana makamanda wanaokaa pamoja. Hata barabara zimeingia kwenye mpango, Kasindi hadi Beni na Butembo, na Bunagana hadi Goma, jumla kilomita 223. Mfanyabiashara wa huku anaelewa maana ya lami ile kuliko hotuba yoyote.

Lakini sikilizeni jambo linaloniuma. Huku Uganda tunaitwa Bakonzo, ng'ambo wanaitwa Banande. Ni watu wamoja, lugha moja, harusi zetu zinavuka mto. Mgeni akipita kwenye shamba la shangazi yangu karibu na Kasindi, shangazi anajua kabla ya askari yeyote. Atampigia nani? Jeshi la Kongo hana imani nalo. Wanajeshi wa kwetu hana anayemfahamu. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walikuwepo Beni na amri yao. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikuja Kivu Novemba 2022, Desemba 2023 kimeshaondoka. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakachukua nafasi, Machi 2025 na wao wakaambiwa wafunge virago. Kila jeshi lina amri yake, ramani yake na msemaji wake. Shangazi ana simu ya kitochi na hana namba hata moja ya kupiga.

Kwa hiyo bili ni kweli, Wakala. Ila huku kwetu tumepungukiwa namba ya simu kabla ya kupungukiwa dola.

Hakimu wa Kijiweni

Mleta mada unatuuzia Uganda kama mhanga mwema anayelipia amani ya wengine. Hebu tufungue faili zima.

Kongo ilitushtaki Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Juni 1999. Desemba 2005 mahakama ikasema Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kuvamia na kukalia Ituri. Februari 2022 ikapanga fidia: dola milioni 325, yaani 225 kwa watu waliouawa na kudhuriwa, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Juni 2000 jeshi letu na la Rwanda walipigana siku sita katikati ya Kisangani, mji wa watu wengine, wakagawana makombora juu ya paa za raia. Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba Uganda inawasaidia waasi wa M23 huko Kongo. Serikali ilikanusha, sawa, lakini imeandikwa.

Sudan Kusini je? Desemba 2013 tulikwenda Juba tukasimama upande wa Rais Kiir. Tukatoka Oktoba 2015. Machi 2025 tumerudi, wakati vikwazo vya silaha vya Baraza la Usalama vipo tangu 2018. Uganda hiyohiyo ni miongoni mwa wadhamini wa mkataba wa amani wa 2018. Mdhamini anayeingia uwanjani na jezi ya timu moja, huyo ni mdhamini wa nini?

Kwenye bili yako, ongeza safu ya "hasara tulizowasababishia wengine."

Wakala wa Vurra

Hakimu, safu hiyo inaingia, na inaongeza nguvu hoja yangu badala ya kuipunguza.

The Hague ndiyo Nabilatuk ya mataifa: umeharibu, lipa. Uganda ilipangiwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, na fungu la kwanza lilitoka Septemba 2022. Ni jambo kubwa, nchi chache zimewahi kulipa fidia ya namna hiyo. Lakini pima mambo mawili. Kwanza muda: kutoka shtaka hadi fidia ni miaka 22 na ushee. Pili, mlipaji. Nabilatuk ng'ombe wanatoka kwenye zizi la upande wa wezi. Zile milioni 65 zimetoka kwenye kodi yangu na ya Binti Bombo. Kuna afisa hata mmoja aliyeuza ng'ombe wake kwa ajili ya Kisangani?

Kwa Juba sina utetezi wa kutoa. Ninaona malori yetu yanavyorudi tupu vita vikianza, na ninaona wanaovuka mpaka wa Elegu na magodoro kichwani. Jeshi linaweza kuzuia mji usianguke. Kuwa mwamuzi na mchezaji kwa wakati mmoja, hapana.

Afisa Mifugo Moroto

Naomba nafasi ndefu kidogo, maana Karamoja imetajwa kama paradiso na mtu ambaye, kwa heshima zote, anaitazama kutoka Arua.

Mkataba wa Lokiriama ni wa kweli na unaheshimiwa. Waturkana wakati wa kiangazi wanashuka na mifugo hadi bwawa la Kobebe, wananywesha pamoja na Wamatheniko. Hilo nimelishuhudia. Lakini mkataba ule ni wa makabila mawili. Haumfungi Mjie, haumfungi Mdodoth, haumfungi Mpokot, wala Mtoposa wa Sudan Kusini. Ng'ombe akiibwa Kotido anaweza kupitia mikono ya makabila matatu na kuuzwa nchi nyingine kabla jua halijazama mara ya pili. Hapo uzike silaha na nani?

Kanuni ya Nabilatuk nayo ina upande wake mchungu. Wezi wasipopatikana, idadi ilitimizwa kwa ng'ombe wa yeyote aliyekuwa karibu na njia ya nyayo. Wafugaji wengi wamelalamika kwamba walilipia wizi wasioujua. Kwa hiyo ile "anayevunja ndiye anayelipa" yako, ndugu Wakala, haikuwa hivyo kila mara.

Sasa nieleze kilichotuua hasa, maana ndicho kinachogusa ushirikiano wa nchi na nchi. Kuanzia 2006 hadi karibu 2010 jeshi letu lilikusanya bunduki za Wakaramojong kwa nguvu nyingi, na wakati mwingine kwa ukatili. Zikapungua kweli. Ikaja miaka ya utulivu, watu wakafungua maduka, masoko yakachangamka. Lakini ng'ambo ya mpaka bunduki zilibaki. Mfugaji aliyenyang'anywa silaha akiwa jirani na mfugaji mwenye silaha anajua kitakachotokea, na yeye si mjinga, atanunua nyingine. Kufikia 2019 wizi ulikuwa umerudi, na Julai 2021 jeshi likaanza upya kwa jina la Usalama kwa Wote. Machi 2022 wanajiolojia watatu waliuawa hapa Moroto pamoja na askari waliokuwa wakiwalinda. Mei 2023 Rais akatoa amri: Waturkana wenye bunduki wazitoe, au waondoke Uganda na mifugo yao.

Karatasi hazijakosekana. Kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, wana mfumo wa tahadhari ya mapema, CEWARN, ulioanzishwa kwa itifaki ya 2002, na mahali pa kwanza ulipojaribiwa ni huku, kwenye mipaka ya Uganda, Kenya, Sudan na Ethiopia. Septemba 2019 Museveni na Uhuru Kenyatta walikuja Moroto wenyewe, wakasimamia kutiwa saini makubaliano ya amani na maendeleo ya Karamoja, Turkana na Pokot Magharibi. Tulicheza ngoma siku hiyo.

Kinachokosekana ni siku moja. Namaanisha kalenda. Uganda inakusanya bunduki mwaka huu, Kenya mwaka mwingine, Sudan Kusini haijaanza kwa sababu serikali yenyewe inagawa. Bunduki zinahama kuelekea pale ambapo hazikusanywi, halafu zinarudi na bei mpya. Nchi tatu zikikusanya wiki moja, kwa orodha moja, na malisho ya kiangazi yakapangwa kabla, nusu ya kazi yangu ya kuhesabu mizoga itaisha. Taarifa za tahadhari zinaandikwa vizuri sana, nimezisoma. Zinasema tarehe fulani vijana wanakusanyika mahali fulani. Kisha zinapelekwa mji mkuu, kamanda wa hapa anasubiri amri, na vijana wanakuwa wameshakwenda.

Mlimani Kasese amesema shangazi hana namba ya kupiga. Huku namba ipo. Anayepokea ndiye hana ruhusa ya kutoka.

Kijana wa Nakivale

Jambo ndugu zangu. Mimi natoka Bukavu, niko Nakivale. Hii kambi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na Wanyarwanda waliokimbia, leo sisi Wakongo ndio wengi. Kuna wazee hapa ambao wamekuwa wakimbizi kabla mama yangu hajazaliwa.

Nimeona tumeandikwa kwenye safu ya bili. Sawa, mgao unagharimu. Lakini mimi nina saluni, nanunua umeme, nalipa kodi kwenye kila vocha ya muda wa maongezi ninayokwangua. Wanyankole wanakuja Jumatano kununua mahindi yetu. Mgao ulipokatwa 2025, duka la kwanza kufungwa lilikuwa la Mganda aliyekuwa anatuuzia mafuta na sabuni.

Halafu mazungumzo. Yalianza Nairobi, yakawa na pacha Luanda. Februari 2025, M23 wameshachukua Goma, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC wakakutana Dar es Salaam wakaunganisha hayo mawili. Siku chache baadaye Bukavu ikaanguka. Juni Kongo na Rwanda wakasaini Washington. Julai Kongo na M23 wakasaini tamko Doha. Nimefurahi, sitaki mtu aseme Mkongo hataki amani. Lakini nyumba yetu iko Kadutu, Bukavu, na mimi siwezi hata kupata viza ya mahali ambapo habari yake inazungumzwa. Kwenye meza zote hizo, mkimbizi alialikwa wapi?

Mtanganyika Kyotera

Kijana, pole. Na hoja yako ni nzito kuliko zetu. Mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha yalichukua miaka, 1998 hadi Agosti 2000, na wakimbizi walitajwa kwenye mkataba, lakini nao walikuwa nje ya ukumbi wakisubiri magazeti.

Wakala wa Vurra

Afisa Mifugo, umenipeleka shule na sina ugomvi. Hiyo ya siku moja na kalenda moja naichukua, ina nguvu kuliko bili yangu, kwa sababu haihitaji mfadhili. Inahitaji mawaziri watatu wa usalama na shajara. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge wetu tisa kule Arusha. Kama kuna mtu humu anamfahamu mmoja wao, ampelekee bandiko la Afisa kama lilivyo, asilipambe.

Kamanda wa mpakani kuruhusiwa kutoka bila kusubiri mji mkuu, hilo ndilo gumu. Hakuna rais anayependa luteni kanali wake aongee na luteni kanali wa jirani bila yeye kujua. Lakini Shujaa imeonyesha inawezekana pakiwa na hofu ya kutosha. Nani yuko Busia au Malaba atuambie polisi wa pande mbili wanafanyaje? Nasikia kule wanapigiana simu.

Jirani wa Malaba

Tunapigiana, ndiyo. Gari likiibwa Tororo, polisi wa upande wa Kenya wanapata namba yake kabla halijafika kizuizini. Ila hiyo ni wizi wa magari, hakuna siasa. Ikiingia siasa simu zinazima. Baada ya Kabalagala mwaka 2010 Wakenya waliletwa Kampala kwa haraka bila kupitia mahakama, na mahakama ya Kenya yenyewe ikasema mwaka huohuo kwamba sheria ilirukwa. Kesi iliisha Mei 2016 kwa hukumu, lakini katikati mwendesha mashtaka mkuu wake, Joan Kagezi, alipigwa risasi akiwa na watoto wake Machi 2015. Kushirikiana kwa kuruka sheria kunawapa mawakili wa upande wa pili kazi ya miaka sita.

Shabiki wa Onduparaka

Nimerudi, nimesoma yote, na hakuna tembo. Asanteni.

Swali moja la mtu asiyejua. Burundi imetoka Somalia kwenye hiki kikosi kipya. Nafasi yake nani?

Wakala wa Vurra

Misri imekubaliwa kuingia. Burundi ilitoka baada ya kutoelewana na Somalia juu ya idadi ya askari. Uganda, Ethiopia, Kenya na Djibouti zinaendelea.

Hakimu wa Kijiweni

Subiri. Misri na Ethiopia, ambazo haziongei kwa sababu ya bwawa la Nile, zitalinda amani ya nchi moja chini ya bendera moja?

Wakala wa Vurra

Ndiyo. Bwawa liko kwenye Nile ya Buluu, na tawi jingine la mto huo, Nile Nyeupe, linatokea kwetu Jinja.

Binti Bombo

Huo ni uzi mwingine, Hakimu. Ufungue wewe, sisi tutakuja na maswali.